Paa la Bibi Liko Wazi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wenzako wa kazini na yule mama mwenye nyumba anayekupikia uji ukiumwa. Natumaini u mzima, unakula, unalala, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia. Sisi huku tunapumua. Bibi yako anakusalimu sana, anasema amebakiwa na meno manne na yote anayatumia kulitaja jina lako. Baba yako ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha mkono wa kushoto ambacho nitakueleza. Mdogo wako Chiriku ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi; anasema cherehani ya kazini kwao sasa ameizoea, anaweza kusengenya watu asubuhi mpaka jioni na mshono usipinde. Jirani yetu seremala anakusalimu pamoja na mkewe. Hata paka wako mzima, amezaa tena chini ya kabati. Mimi mama yako mwili ni mzima. Moyo ndio umenishinda kuutuliza, ndiyo maana unaona barua hii imekuja kabla ya siku zake.

Mwanangu, nyumba yetu iko wazi upande wa bibi yako. Sisemi inavuja, nasema iko wazi, ukilala kitandani kwake unahesabu ndege. Na kila ikifika alasiri mawingu yanajikusanya kule nyuma ya tangi la maji, meusi kama sufuria la kuchemshia maji ya kuoga. Simu ya dukani ilikufa Jumapili, kwa hiyo hata ya kukupigia sina. Ngoja nikuanzie mwanzo nisije nikakuchanganya.

Joto limekuja kabla ya wakati wake. Mwezi huu wewe unaujua, ndio tunalala na blanketi mbili mbili na bibi yako havui sweta hata akinawa. Sasa ghafla, siku ya kumi na mbili leo, jua limewaka kama limekasirishwa na mtu. Mafuta ya kupaka yameyeyuka kwenye chupa. Lami ya barabara ya sokoni imelainika, Chiriku aliacha kiatu kimoja hapo akarudi kukinyofoa kama anang'oa muhogo. Watu walifurahi, siwezi kukudanganya, hata mimi nilifurahi. Nilifua mapazia na yakakauka kabla sijamaliza kufua shuka. Bibi yako alivua sweta, akasema anajisikia mwari.

Barua yako ililetwa Jumanne iliyopita, katikati ya furaha hiyo. Nikaisoma mezani kama kawaida, wote wamekaa. Chiriku anajua kusoma kunishinda, lakini unajua barua zako ni kazi yangu, hapo simpishi mtu. Nilipofika mwisho baba yako akauliza Bi Mawingu wake anasemaje kuhusu hili joto, maana tangu uajiriwe huko ofisi ya hali ya hewa hamsikilizi mtu mwingine. Nikamjibu kwamba umesema joto litaendelea.

Najua hapo umekunja uso. Vumilia, mama, nitafika.

Baba yako akasema basi, kama joto linaendelea, mwaka huu ndio mwaka wa paa la mama yake. Alhamisi alfajiri akaweka ngazi. Kufika saa nne upande wote wa bibi yako ulikuwa umevuliwa, mabati ya zamani yamepangwa uani yana matundu kama chujio. Akakuta mbao tatu zimeliwa na mchwa, ukizigonga zinatoa unga. Kazi ya siku mbili ikawa ya siku tano, maana ilibidi abadilishe mbao kwanza. Tukamwambia bibi yako ahamie kitanda chako, akakataa, akasema yeye ameolewa katika chumba kile na hakitoki kitu humo mpaka atoke yeye. Tukamfungia turubai juu ya kitanda, kamba nne kwenye kona nne. Akalala chini yake kama malkia aliye safarini.

Sasa sikiliza jambo linaloninyima usingizi. Unamjua baba yako na taratibu zake za ufundi. Hapigilii bati likiwa na moto. Anasema bati la saa sita limevimba, ukilipigilia hapo, likipoa linavuta misumari na kupanua matundu, na mvua ya kwanza inaingia. Miaka yote tulikuwa hatulioni hilo kwa sababu mapaa anayafunga wakati wa ubaridi. Safari hii kwa joto hili bati halishikiki tangu saa tatu asubuhi. Ukidondosha tone la maji juu yake linaruka. Kwa hiyo anapigilia alfajiri kidogo, halafu anashuka, anangoja, anapanda tena alasiri jua likilegea. Na alasiri ndipo mawingu yanapofika. Joto lenyewe ndilo linalompandisha juu saa ile ile ya ngurumo.

Jumamosi redio ilisema waziwazi kuna uwezekano wa mvua za radi. Nilimwambia. Seremala naye akaja mpaka getini kumwambia. Akatucheka. Akamuuliza seremala, huyo wa redio ni mtoto wake? Akasema yeye ana mtoto wake wa kumzaa anayekaa na mashine inayopima upepo, na kama kungekuwa na radi mtoto huyo angemwambia baba yake kabla ya kuwaambia watu wa redio. Seremala akamwambia wee mzee, radi haiulizi binti yako anafanya kazi wapi. Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la maji ya kunawa, nikaingia ndani, sikucheka.

Jumapili saa kumi alikuwa juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, ana bati moja limeshikwa na msumari mmoja tu. Upepo ukakata. Hata kuku wakanyamaza. Halafu ukaja mara moja kutoka upande mwingine, wa baridi, ukabeba vumbi la uwanja mzima, na ngurumo ya kwanza ikapiga nikaisikia miguuni. Nikampigia kelele ashuke. Akajibu kwamba akiliacha bati lile upepo utaling'oa na litamkata mtu shingo, nimngoje misumari miwili tu. Misumari miwili, mwanangu! Nilisimama chini nikihesabu nyundo. Wa kwanza ukaingia. Wa pili akajigonga kidole. Hapo hapo mwanga ukapasuka, mweupe, sijawahi kuona weupe ule, na nguzo ya simu mbele ya nyumba ya seremala ikachanika kutoka juu mpaka chini ikitoa moshi.

Ngazi ilianguka. Nilipotazama juu sikumwona. Nikadhani ndiyo basi. Kumbe alikuwa amelala kifudifudi juu ya lile bati, amelikumbatia kwa mikono na miguu, mvua inampiga mgongoni, na bati lenyewe linapiga kelele chini yake. Chiriku, ambaye unajua kazi yake ni maneno, safari hii mikono ndiyo ilitangulia. Alishika ngazi upande mmoja, mimi mwingine, seremala akaja mbio kifua wazi, tukaisimamisha. Baba yako akashuka ngazi mojamoja kama mtoto anayejifunza, uso kwa ukuta. Huko chumbani turubai lilijaa maji, kamba moja ikakatika, na maji yote yakamshukia bibi yako. Tulimbeba, sasa yuko kitandani kwako na anakohoa. Si kikohozi kikubwa. Lakini anakohoa.

Mvua yenyewe haikuzidi dakika ishirini. Kisha jua likatoka, barabara ikafuka mvuke kama chai.

Baba yako alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka nguo zikamkaukia mwilini. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo, kwamba binti yake anajua mvua itakayonyesha kwa watu wote, isipokuwa kwa bibi yake. Akasema ofisi imekufanya usahau kuna wazee wanaokutegemea. Akaniambia barua yako ikija tena nisimsomee, nisome peke yangu. Jana alasiri akapanda tena, na mawingu yakiwa pale pale, na kidole kimefungwa kitambaa. Nilipomkumbusha redio akasema kama wewe hukuona haja ya kumwonya, hahitaji kuonywa na mtu yeyote. Jana mawingu yalipita pembeni. Yamebaki mabati matano.

Sasa mwanangu ni hapa.

Wewe ulimwonya. Ukurasa wa pili, juu kabisa, uliandika kwa herufi kubwa ili nisome vizuri: mama, mwambie baba asifungue paa mwezi huu, joto hili limewahi na litaendelea, na joto likiwahi namna hii alasiri huenda zikaja radi. Nililiona neno kwa neno. Nililisoma kwa macho, mdomo ukapita, nikaendelea na habari za yule mwenzako aliyefunga ndoa.

Sitaki ufikiri nilikosea kusoma. Shule yangu ya darasa la nne haina lawama hapa. Niliruka kwa kutaka. Misimu mitatu ya mvua nimekuwa nikisukuma kitanda cha bibi yako kutoka kona hii kwenda kona ile na ndoo zangu, na kila mwaka baba yako anafunga mapaa ya watu, letu linangoja. Siku ile mezani nilimwona macho yake, nikajua akisikia neno radi ataahirisha mpaka mwaka ujao. Na bibi yako, mwanangu, mimi ndiye ninayemwogesha, mimi ndiye ninayejua amebaki na uzito gani. Mwaka ujao ni mbali sana kwake. Wewe uliandika huenda, na mimi nikajiambia huenda pia isije. Nikamweka mume wangu juu ya bati kwa huenda yangu, na lawama nikakuachia wewe.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo asubuhi hii nikashindwa kuendelea. Nikaweka kalamu, nikautoa ukurasa wa pili kwenye kopo la unga nilikouficha, nikaenda nao uani. Baba yako alikuwa ananyoosha misumari. Nikasimama mbele yake nikamsomea kwa sauti, kisha nikamwambia kwamba ukurasa huo ulikuja hivi hivi tangu Jumanne. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniomba ule ukurasa, akautazama muda mrefu ingawa hajui kusoma, akaukunja akautia mfuko wa shati. Halafu akainuka, akaitoa ngazi ukutani, akailaza chini.

Tangu hapo hajanisemesha ila mara moja tu. Amesema nikuulize wewe, si redio wala mtu mwingine, apande siku gani. Mpaka umwambie, hagusi bati. Na mimi nakuomba radhi, mama yangu, na kwake nitaendelea kuomba hata kama ni mpaka mvua za mwaka ujao.

Kwa hiyo usikae. Dereva wa lori la mikate anakuja na barua hii kesho asubuhi na anarudi keshokutwa. Mwandikie baba yako hata kama dereva ameshawasha gari. Sema Ijumaa ikoje, Jumamosi ikoje, na ni saa ngapi mtu anaweza kukaa juu na akashuka salama. Mabati ni matano tu. Turubai tumelifunga upya lakini limeshachoka, na saa hii ninayoandika kule nyuma ya tangi pameanza kuwa peusi. Tuma neno upesi.

Ni mimi,
Mama yako