Siku ya Kufunuliwa, na Wigi Kichwani

Nyakabanda, Jumapili, Agosti 1992

Jua la leo lilikuwa na chuki binafsi na mimi. Kiangazi kimefika mahali ambapo hata migomba ya jirani imekuwa myekundu kwa vumbi, na mimi nimeshinda uani juu ya mkeka, nimefunikwa kitambaa kizito, huku nimevaa nywele za mtu mwingine. Sasa nimezivua. Nimezivisha sufuria zipunge hewa. Kichwa kinawaka, roho inawaka, na sijui kipi kimezidi.

Sina hamu ya kuandika vizuri. Naandika ili nisimrukie mtu.

Nianze na Goreti. Huyo ni wifi yangu, dada yake Faustini mume wangu, na kazi yake ni kusuka na kutengeneza nywele katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yao huko Gatsata. Harusi ilipokaribia alijitolea kunitia dawa ya kunyoosha nywele. Zawadi ya bibi arusi, alisema, na mimi mjinga nikashukuru. Alinipaka, akaenda kusimama mlangoni na kupiga soga na jirani. Nikamwita, nikamwambia inachoma.

"Vumiria kidogo. Weye ni mutoto?"

Nikavumilia. Aliponiinamisha kwenye beseni, nywele ziliondoka na maji. Goreti akasema alijisahau. Wapo watakaoamini kwamba ni bahati mbaya, na Faustini ni mmoja wao. Mimi simo.

Siku hiyo nilijifunga kitambaa haraka nikamwambia zimetoka chache tu. Lakini ziliendelea kutoka kila nilipolala na kuamka, mpaka kichwa kikabaki na mabaka kama shamba la viazi lililovunwa nusu. Walioona ni Faustini, na Mama Mdogo Domitila aliyenilea kule Biryogo. Faustini alijikuna kidevu akasema, "Ni nywele tu, si mguu." Nilibeba sahani yangu nikaenda kula uani.

Utasema, si ungenyoa tu? Ningenyoa vizuri sana kama ningekuwa naenda kuzika. Hapa mwanamke akinyoa upara watu humpa pole. Bibi arusi aingie kanisani na kichwa cha msiba, mama mkwe wangu angelia pale pale mlangoni na wazee wangeanza kuulizana nani kafa.

Na kuna jambo jingine, ndilo hasa lililonikaa kooni. Mimi nimekulia Biryogo, mtaa wa Waislamu wanaosema Kiswahili, na Kiswahili ndiyo lugha niliyolilia nikiwa mchanga, ingawa nilibatizwa kama wao. Kwa watu wa Gatsata, Muswahili si kabila wala dini. Ni mtu mjanja, mwongo, anayekuuzia jogoo na kukuapia kwamba anataga. Tangu siku ya kwanza Faustini aliponipeleka kwao, Goreti alikuwa ananiita hivyo akicheka, na mashangazi wakicheka naye. Sasa wajue kwamba hata nywele za mke wa Faustini ni za uongo? Wangepata ushahidi wa maisha. Hata wajukuu wangu wangesimuliwa.

Ndipo Mama Mdogo akanipeleka Kimisagara kwa Mama Kapinga, Mzaire mmoja anayeuza vitu vya kutoka Goma nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Alikuwa na wigi kadhaa ndani ya begi la mkono, zimelala kama paka. Akavuta unywele mmoja, akauunguza kwa kiberiti. Chumba kikanuka manyoya ya kuku yaliyobabuka.

"Umesikia halufu? Hii iko nywele ya mutu, haiko ya mashini. Ya mashini inayeyuka kama nailoni."

Nikauliza ni za mtu gani.

"Muhindi, Muchina, nitajua je? Hakukuja kuidai."

Mimi nilipenda ile ndefu, inayong'aa, inayofika mabegani. Niliivaa nikajiona kwenye kioo nikasahau shida zangu zote. Mama Mdogo akaninyang'anya. "Hiyo itaingia mlangoni kabla yako," akasema. Akachagua iliyofifia, fupi, rangi ya kahawa iliyokolea, ncha zake hazilingani. Nilinuna. Lakini alijua anachofanya: nywele nzuri mno ndizo zinazomfichua mvaaji. Tulipofika nyumbani akang'oa chache za mbele kwa kibano ili mstari wa paji la uso usiwe umenyooka kama ukingo wa meza. Akapaka poda ya kahawia kwenye wavu pale panapogawanyika nywele, paonekane ngozi. Akaninyoa mabaki yote, akashona mpira wa nguo kwa ndani unaopita nyuma ya masikio, kwa sababu pini hazina cha kushika.

Inawasha. Hilo hakuna anayekwambia. Wavu unasugua vidonda vya dawa ya Goreti, jasho linashuka kisogoni, na huwezi kujikuna kwa sababu ukijikuna kichwa kizima kinatembea. Hucheki kwa nguvu. Huinami haraka. Upepo ukivuma unajishika kichwa kama mtu anayekumbuka kitu. Nimefunga ndoa nikiwa nimekaza shingo, na kwenye picha zote nina sura ya askari.

Lakini harusi ilipita, na hakuna aliyegundua.

Tatizo ni leo. Leo ilikuwa gutwikurura, siku ya kumfunua bibi arusi. Kabla ya siku hiyo mke mpya hatoki, hapiki, hafanyi kazi, anakaa ndani kama mgonjwa. Kisha wanawake wanakuja na vikapu na pombe, anaketishwa mkekani, anafunikwa, anaimbiwa, mama mkwe anamfunua. Na mama mkwe anamkata nywele, kuonyesha kwamba usichana umekwisha. Siku hizi watu wa mjini wanagusisha mkasi tu kwenye ncha, wanapiga vigelegele, wanakwenda kunywa. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo.

Wiki hii Goreti akaanza kuzunguka kwa mashangazi. Kwamba mambo ya kugusisha mkasi ni ya wavivu. Kwamba kwa kaka yake lazima ifanywe kama zamani, mkasi uingie, nywele zikatwe kutoka chini kabisa, karibu na ngozi, watu waone. Anajua alichokiona kwenye beseni lake. Kisha ameniona kanisani na kichwa kimejaa. Mtu anayeishi kwa kushika nywele za watu haachi jambo kama hilo lipite. Hakutaka mila, alitaka kunivua mbele za watu.

Nilimwambia Faustini azuie. Akasema hawezi kubishana na mama yake juu ya mkasi.

Wageni wa Gatsata walichelewa, walikwama kwenye kizuizi cha wanajeshi kule Nyabugogo, kila mmoja aonyeshe kitambulisho. Nikaanza kuomba Mungu wanajeshi wawarudishe. Ombi baya, najua. Wakafika wote, na vikapu vyao, wanaimba. Goreti alikuwa na mkasi kwenye mkoba wake. Mpya, bado una karatasi.

Nikaketishwa. Chini ya kitambaa niliona miguu tu: viatu vya Goreti mbele kabisa, karibu na goti langu. Nilimtafuta Mama Mdogo kwa macho nikaona upindo wa sketi yake, umesimama mbali, wameshamsukuma nyuma.

Mama mkwe akanifunua. Kila mtu akapiga vigelegele. Siku ya kufunuliwa, na mimi sijawahi kufunikwa kiasi kile.

Goreti akasema kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya kusikika uani kote, "Mama, anza nyuma, karibu na ngozi."

Mkono wa mama mkwe ukaingia nyuma ya sikio langu. Vidole vikavu, vya mwanamke aliyebeba vitu vizito maisha yake yote. Vikatambaa. Vikafika kwenye mpira.

Vikasimama.

Wanawake walikuwa bado wanaimba. Mimi nilikuwa nahesabu mishono ya mkeka ili nisilie mbele ya Goreti. Basi mama mkwe akainama, nikasikia pumzi yake ya pombe ya mtama sikioni, na akasema, kwa Kiswahili:

"Turia. Kibogoyo iko anaona."

Kwa Kiswahili!

Nieleze. Mwanamke huyu, muda wote ninaomjua, hajui Kiswahili. Mara ya kwanza nilipomwambia shikamoo, alimgeukia Faustini akamuuliza kwa Kinyarwanda msichana huyu analalamika nini. Kwa hiyo mimi na Mama Mdogo tulizoea kuzungumza mbele yake kwa raha zetu, kama watu wanaozungumza mbele ya kabati. Kibogoyo ni jina nililompa mimi, kwa sababu ya meno ya mbele aliyopoteza. Siku ya mahari nilimpa pombe kwa mikono miwili, nimepiga goti, nimetabasamu vizuri kabisa, nikamwambia Mama Mdogo, "Mjazie tena kibogoyo huyu, labda atatuachia kupumua." Akapokea, akanywa kwa kunitakia afya. Na hiyo ni moja tu. Nimesema juu ya harufu ya shuka zake. Nimesema kwamba Faustini amechukua uzuri kwa baba. Nimeyasema yote akiwa amekaa pale anamenya ndizi, anatikisa kichwa kama asiyeelewa.

Alikuwa anaelewa.

Akatoa mkono nyuma ya sikio, polepole, akivuta wigi iteremke kidogo ifunike mpira uliokuwa umechungulia. Akakata shungi kubwa kutoka utosini, mahali zilipo nyingi. Mkasi ulilia kama unakata nguo. Akaliinua shungi juu, watu waone, akaliweka kwenye kikapu kidogo.

Goreti hakutosheka. Alilichukua, akalisugua kati ya vidole, akalinusa kama mtu anayenunua nyama asubuhi. Nywele za mtu, Goreti. Zisugue mpaka kesho. Sura yake ilivyoanguka ilikuwa tamu kwangu kuliko keki ya harusi. Mama yake akampiga kofi mkononi, akamwambia aache, nywele hizo ni za mama mkwe. Kisha vigelegele, kisha pombe, kisha ngoma, na mimi nimekaa pale natabasamu.

Jioni, kabla hawajaondoka, mama mkwe aliingia chumbani kuniaga. Alifunga mlango. Nilipiga magoti, nikaanza kumwambia samahani kwa Kinyarwanda, akanikatiza.

"Usiniririe mimi. Goreti usimwambie kitu. Ire yako zikikula, nitarudi nikate."

Kwa ulimi wake kukua na kula ni neno moja, kwa hiyo kwa muda nilidhani anazungumzia chakula. Kisha nikaelewa. Nywele zangu zikikua, atarudi na mkasi. Maana yake kwake yeye shughuli ya leo haijafanyika. Watu wamekula, wamekunywa, wamerudi kwao wakijua Faustini ana mke aliyefunuliwa, na mwanamke mmoja tu duniani anajua kwamba bado nimefunikwa. Nikamuuliza, basi hii ya leo ilikuwa nini?

"Ya reo ilikuwa ya wageni."

Akafungua mlango, akasita. Akanitazama kichwani, si kwa huruma, kwa jicho la mnunuzi.

"Nimeuza ndizi Nyabugogo na watu wa Biryogo toka Faustini iko mugongoni. Mimi ni Muswahili kuriko weye."

Akaondoka na kikapu chake, na ndani yake nywele za mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wetu anayejua jina lake.

Ningepaswa kushukuru. Mama Mdogo anasema nipige magoti nishukuru, kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini, na sikuona cha kuchekesha. Sishukuru. Nimekasirika kuliko nilivyokasirika asubuhi. Kama angenifichua, ningemchukia kwa amani, kila mtu angenielewa, Faustini angelazimika kuchagua upande. Sasa ameniokoa, na amesikia yote, na hakulipiza hata kidogo, na mimi nimlipe kwa lipi? Amekaa kimya muda wote huo akiniacha nijimalize mwenyewe. Huo ndio uswahili. Mimi nilikuwa najitia tu.

Faustini amewasindikiza wageni, atarudi atauliza ilikuwaje. Nitamwambia ni nywele tu, si mguu.

Bado simpendi mama yake. Naliandika hili kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza naandika nikitazama mlango.

Kesho natoka nyumbani kwa ruhusa ya wote isipokuwa mmoja, na safari yangu ya kwanza ni Gatsata, kurudisha vikapu. Atakuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, na Goreti ndani anasuka mtu, masikio wazi. Nitapiga goti. Atasubiri.

Nitamsalimia kwa lugha gani?