Kikaango Ulichobeba

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa sina adabu. Hujambo? Wifi hajambo? Na wanangu, yule mdogo ameshaota meno? Sisi huku tunamshukuru Mungu, ila miguu ya Mama imevimba tena, na mgongo wangu umechoka kwa kumwinua.

Barua yako nimeipata. Nilicheka, kisha nikakasirika hadi chai ikapoa. Eti kutu inatolewaje kwenye kikaango cha Mama! Ulikuja siku chache, ukakitia kwenye begi kimyakimya, ukaja kusema kwenye simu kwamba ni ukumbusho. Ukumbusho wa nani, bwana wee? Mama yuko hai. Yuko hapa nyuma ya pazia, anakohoa.

Haya, nitakujibu, maana kikaango hakina kosa. Wifi asikiloweke tena kwenye beseni. Kile ni chuma kizito, si sahani. Kisugue kwa chumvi kavu na kitambaa kigumu. Kutu ikigoma, tumia waya wa kusugulia masufuria. Suuza kwa maji moto, kisha kirudishe jikoni kikaukie motoni, kukifuta tu hakutoshi. Kingali na joto, kipake mafuta kidogo ndani, nje, hadi kwenye mpini. Halafu yafute mafuta hayo kama mtu aliyejuta kuyapaka. Hapo ndipo mnapoharibu, mnamimina mengi, kinabaki kinanata. Kifudikize kwenye oveni, moto mkali, saa nzima. Kikipoa, rudia. Kisha rudia tena. Weusi ule Mama aliujenga tangu hujazaliwa, wewe umeumaliza kwa msimu mmoja. Hongera.

Sasa nikuambie ambalo hukuuliza. Akili ya Mama inakuja na kuondoka, lakini kikaango chake hajakisahau. Kila asubuhi anakiulizia. Nikimkaangia mayai kwenye hiki chepesi yanaganda, anasukuma sahani. Na mwizi ameshampata: jirani yetu fundi cherehani, yule aliyekuwa akija kila alasiri kumsuka na kumletea umbea wa mtaa. Mama alimkazia macho akamwambia, "Miaka yote unakula kwangu, kumbe jicho lako liko kwenye kikaango changu! Toka!"

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Jirani, ambaye nilikuwa nimeshamweleza kuhusu begi lako, akanibana mkono, akanivuta hadi nje.

"Shoga, nyamaza," akasema. "Akijua ni mwanawe ataumia zaidi. Acha mimi niwe mwizi."

Akaenda zake analia, futi ya kupimia ingali shingoni.

Tangu hapo hajakanyaga hapa. Nywele za Mama zimefungamana, na mimi mikono yangu unaijua, kusuka siwezi. Ikifika alasiri Mama anageukia mlango. Akisikia hatua anajiweka sawa kitandani, kumbe ni mimi na ndoo yangu. Inaniuma, mdogo wangu. Inaniuma na nimekukasirikia, sitakuficha.

Kwa hiyo ukishakitengeneza, usimpe mtu akilete. Kilete mwenyewe, na usianzie kwetu. Piga hodi kwa jirani, umwombe radhi, umkabidhi mkononi. Yeye ndiye ataingia nacho kwa Mama, aseme alikiazima na sasa amekirudisha. Kama Mama atamtukana, atamtukana akiwa amekaa karibu yake. Wewe subiri nje mpaka uitwe.

Nisalimie wifi, mwambie sina kinyongo naye, hakujua. Wabusu wanangu, waambie shangazi yao anawaombea wakue na afya na wamkumbuke Mungu.

Mama anakusalimu sana. Jana nilipokuwa namlisha alisema kwamba katika watoto wake wote, ni wewe tu ambaye hujawahi kumchukulia kitu.

Nikamfuta mdomo, nikampa kijiko kingine.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kwa shida.