Nani Alimwita Meneja Bwana Mchanga

Cabaiguán, Kuba
Jumapili, tarehe 14 Machi

Mpendwa mwanangu Leandro,

Hujambo, baba? Mkeo Rocío hajambo? Na mjukuu wangu Bastián, lile jino limeshatoka au bado linampa homa? Nasikia huko Antofagasta asubuhi kuna ukungu wa baridi. Funika kifua, usijifanye kijana. Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti umeshalizoea. Umeme unakuja na kwenda. Kahawa bado tunachanganya na njegere za kukaanga. Tunashukuru.

Nilitaka nikuandikie habari njema, lakini nina kinyaa moyoni, mwanangu, na nisipokutapikia wewe nitamtapikia nani?

Unajua dada yako Yudelsi ndiye msomaji wetu kiwandani tangu mwaka juzi. Sisi tunasokota sigara, yeye amekaa kitini juu ya jukwaa anatusomea, asubuhi gazeti, mchana kitabu. Mwezi wa kwanza tulipiga kura ya mikono, ikashinda hadithi moja ya kale sana ya Wafaransa. Meneja mwenyewe aliipitisha. Alisema, "Kitabu cha kabla ya umeme, kitamkera nani?"

Hadithi ni ya mji wenye njaa. Mtunza ghala anachanganya mchanga kwenye unga, watu wote wanausikia mchanga unavyokwaruza meno, na kila mtu anasema mkate mtamu. Kila mmoja anangoja jirani aanze, mpaka siku moja mshona viatu mmoja anasimama peke yake kanisani na kuutema mkate huo. Tulilia, Leandro. Yudelsi akifunga kitabu tulimgongea visu kwenye mbao, makofi yetu sisi wasokotaji, mpaka masikio yakauma. Evelio, jirani yangu wa meza, alikuwa anawatukana watu wa kitabuni: "Waoga wakubwa! Ningekuwa mimi, ningemtemea huo mchanga usoni!"

Basi siku moja yakaletwa majani ya tumbaku yameota ukungu, yanakatika mkononi, na meneja akapita akisema majani safi haya, daraja la kwanza. Mdomo wangu huu ukasema, "Haya, Bwana Mchanga huyo anapita." Meza nzima ikacheka. Kufikia jioni kiwanda kizima kilikuwa kinamwita hivyo. Ukimwuliza mtu majani yakoje, anakujibu, "Matamu kama mkate!"

Ijumaa ya wiki juzi meneja akatukusanya. Akauliza nani alianzisha jina hilo. Watu mia na ishirini, kimya. Akasema basi ni msomaji, anatusomea kwa kukoleza sauti ili atuchochee. Yudelsi akanitazama mara moja tu, kisha akatazama sakafu. Hakusema. Na mimi mama yake, niliyemzaa kwa kupasuliwa, sikusema. Nilifuta kisu changu kwenye aproni kana kwamba kina uchafu.

Wakamteremsha. Wakampeleka chumba cha kuchambua majani, na kitini pake wakaweka redio. Jumatatu yake Evelio anatingisha kichwa kwa muziki! "Bi Eneida, usinune," akaniambia. "Angalau redio haikohoi." Nilimtazama nikaona kichefuchefu. Halafu nikajitazama mwenyewe, nikaona kichefuchefu zaidi.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, wewe unajua. Nilidhani watu wa vitabu vya zamani walijua la kufanya kwa sababu mambo yao yalikuwa wazi, siyo kama yetu, ambapo hujui kesho kuna nini, hujui nani ameshaondoka nchini, hujui nani anapeleka maneno. Kumbe nao walikuwa wanabahatisha tu, kama sisi. Yule mshona viatu alisimama bila kujua kama kuna atakayemfuata. Na sisi tunamgongea visu kwa sababu yuko kwenye karatasi, hana anachotudai.

Wiki nzima Yudelsi alikuwa hanisemeshi. Ananipakulia wali na maharagwe, kisha anakwenda kulia chakula chake mlangoni. Alhamisi nikamwuliza, "Mbona hukunitaja?"

"Nilikuwa nakupa nafasi ujitaje, mama."

Afadhali angenipiga kibao.

Kesho yake nikaenda ofisini. Nikasema, "Meneja, jina lile nimelitoa mimi. Mrudishe binti yangu." Unajua alifanya nini? Alicheka. "Najua, mama. Evelio aliniambia siku ile ile. Lakini wewe unasokota sigara mia kwa siku, binti yako anasoma tu. Rudi mezani, hakuna aliyekugusa."

Nilirudi. Nikasimama mbele ya wote nikakitupa kisu changu sakafuni, kama tunavyofanya tukikataa jambo. Nikangoja. Kilianguka kisu kimoja kingine tu, cha bi Zoraida, na nadhani kilimponyoka, maana alikiokota haraka. Wengine walikazana kusokota, vichwa chini, redio inaimba.

Nikaenda chumba cha majani nikakaa karibu na dada yako. Hakuna aliyenituma. Vumbi la huko linanikaba, na kesho huenda wakanifukuza kabisa. Sijui. Naogopa, sikufichi. Lakini mezani kwa Evelio sirudi, na wewe usimpigie mtu simu kunitetea.

Yudelsi alinisogezea kapu bila kuniangalia. Tulichambua saa nzima hivyo. Kisha akasema, "Unachana vibaya, mama. Shika uti wa jani, vuta kwa dole gumba." Ni maneno ya kwanza aliyoyaanza yeye mwenyewe tangu siku ile.

Jana Evelio alinisalimia sokoni, mkono kifuani, kama mtu mwema. Sikumjibu. Mungu anisamehe, bado sijaweza.

Nisalimie Rocío na wazazi wake. Mbusu Bastián mashavu yote mawili, na umwambie bibi yake yupo. Shangazi yako Nereida anakusalimu, na mzee Arsenio wa nyumba ya pili anauliza kila siku utarudi lini. Bikira Maria wa Cobre akufunike kwa joho lake, na akupe ulimi usiolala pale unapotakiwa.

Ni mimi mama yako, nikupendaye kuliko ninavyojipenda mwenyewe wiki hii,

Eneida