Mjomba Anaamini Rangi Ndiyo Inayowavusha Watu, Nami Najua ni Bibi

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, na pia naomba usitaje jina langu, kwa sababu mama husema ukurasa wako ni wa watu wasio na kazi za kufanya, lakini gazeti likifika nyumbani yeye huanza nao, hata kabla ya kuvua viatu.

Mimi ni msichana wa sekondari. Ninaishi na mama, mdogo wangu wa darasa la kwanza na bibi mzaa mama. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa usafiri katika chuo kikuu, na kituo hicho kinaendeshwa kwa ruzuku ya serikali, yaani wizara hutoa fedha ili wao wachunguze jinsi watu wanavyoweza kusafiri na kuvuka barabara bila kuumia, na ruzuku hiyo ina muda wake, ukiisha wakaguzi wanakuja kuangalia kama kuna la maana lililopatikana, na wakiona halipo kituo kinafungwa, kompyuta zinachukuliwa na watafiti vijana wanarudi makwao kuulizwa watafunga ndoa lini.

La maana alilolipata mjomba ni rangi. Mbele ya lango kuu la chuo kuna barabara kubwa, na ng'ambo yake ndiko iliko shule ya msingi ya mdogo wangu. Mjomba alipaka pale kivuko cha waenda kwa miguu, na mistari yake si myeupe kama ya vivuko vingine, ni ya samawati na imelazwa mshazari, kwa sababu ana nadharia kwamba jicho likiona samawati iliyolala namna ile basi miguu huifuata yenyewe bila mtu kujua. "Rangi inavuta mguu" ndiyo kauli yake. Huisema kwenye mikutano, huisema mezani akija kula kwetu mara mojamoja, na jikoni kwetu kuna mstari wa samawati kutoka mlangoni hadi kwenye sinki, alioupaka ili tupende kuosha vyombo, ingawa mama anasema bado haujamvuta mtu, hasa yeye mwenyewe mjomba.

Mshauri, kile kivuko kweli kinafanya kazi. Watu ambao zamani walikatiza barabara popote walipojisikia sasa wanakwenda mpaka kwenye samawati, wanatazama kulia na kushoto, wanavuka kwa adabu kama wako kanisani au msikitini, na kamera ya kituo inawarekodi. Shida yangu ni kwamba mimi najua sababu, na sababu ni bibi.

Bibi hukaa pale kila siku kuanzia asubuhi, mwanzoni kabisa mwa kivuko, juu ya kigoda chake, chini ya mwavuli mwekundu, anafuma kofia za sufu ambazo hakuna aliyemwagiza. Na bibi hawezi kumwona mtu akikatiza barabara ovyo akanyamaza, hajaumbwa hivyo. Wanafunzi wa chuo huwauliza kama mama zao wanajua kwamba wanavuka kama kuku. Kuna mwalimu wetu mmoja aliwahi kujaribu kupita mbali kidogo, bibi akamuuliza kwa sauti, mbele ya kituo cha basi kizima, anawafundisha nini watoto wa watu, na tangu siku hiyo mwalimu huyo huzunguka mpaka kwenye samawati hata kama mvua inanyesha. Madereva nao huwainulia sindano ya kufumia, nao wanasimama. Sijui kwa nini wanasimama, lakini nimeitazama ile sindano na mimi ningesimama.

Kamera haina masikio, haya yote haiyasikii. Na kibaya zaidi, watafiti hukata upande wa kushoto wa kila picha kabla ya kuitumia, kwa sababu mjomba aliwaambia mwavuli unaziba mandhari na wizara haitaki kuona vitu visivyohusika. Kwa hiyo, mshauri, kitu pekee kinachohusika kinakatwa kila jioni na kubaki kwenye video za awali ambazo hakuna anayezifungua.

Mjomba ana kipande kimoja cha video anachokipenda kuliko vyote. Kinamwonyesha fundi viatu akiwa tayari amefika katikati ya barabara, mbali na kivuko, kisha anasimama ghafla, anageuka, anarudi alikotoka, anatembea mpaka kwenye samawati, anavua kofia, ndipo anavuka. Alituletea nyumbani kwenye kompyuta yake tukakitazama sote, akasema hapo ndipo mguu ulipovutwa, na kofia ameivua kwa sababu ya joto. Bibi alikuwa amekaa nyuma yetu, akasema, "Huyo ni fundi viatu, mimi ndiye niliyemwambia arudi, na kofia alivua akiniamkia."

"Mama, tafadhali," mjomba akasema. "Tunaangalia sayansi."

Bibi akaendelea kufuma. Nilimtazama mama, mama akatazama sinki.

Unaweza kusema labda nimekosea, labda rangi inasaidia kidogo. Mimi pia nilijiuliza hivyo, kwa sababu mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha tusipende majibu yetu wenyewe. Lakini kuna siku bibi alikwenda kung'oa jino. Siku hiyo tangu asubuhi watu walivuka kila mahali kama wali uliomwagika, samawati ilikuwa palepale na hakuna hata kidole kilichovutwa, mdogo wangu alisukumwa akaangukia magoti, na mchana muuza mayai mwenye baiskeli akawakwepa wanafunzi waliochomoka kati ya magari, akaanguka na trei zake zote juu ya kivuko. Niliporudi kutoka shule nilikuta watafiti wamesimama wanatikisa vichwa, wakasema siku hiyo haiwezi kuhesabiwa kwa sababu manjano ya mayai yamefunika samawati ndiyo maana mguu haukuvutwa. Wakaifuta siku nzima. Usiku wakati wa kula nilimwambia mjomba kwa heshima kwamba watu walianza kuvuka ovyo kabla ya mayai, akaniambia, "Mpwa wangu, siku moja si utafiti," na mama akanikanyaga mguu chini ya meza kwa sababu mjomba ana presha.

Sasa wakaguzi wa wizara wanakuja Alhamisi, watasimama pale barabarani watazame kwa macho yao wenyewe. Na mjomba ameniita pembeni akaniomba siku hiyo nimchukue bibi nimpeleke kupima miwani, mbali, tukae huko mpaka jioni, ili asije akawafokea wageni na kumuaibisha. Ameniambia nisimwambie bibi sababu. Nikakubali, kwa sababu ni mjomba wangu, na kwa sababu ameniahidi kwamba ruzuku ikiongezwa kituo kitawapokea wanafunzi wachache wa sekondari wakati wa likizo, na mimi nitakuwa wa kwanza. Mshauri, nataka sana kuwa mhandisi wa barabara. Sijamwambia mtu mwingine.

Tangu nikubali silali vizuri. Bibi asipokuwepo Alhamisi, wakaguzi wataona kuku tupu, na kituo kitafungwa, na mjomba ni mtu mzuri ambaye amefanya kazi kwa bidii. Nikimpeleka bibi kwa siri akakae pale nitakuwa nimevunja ahadi, na hapo ruzuku itapita, lakini hilo ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu mjomba anasema ikipita wizara itapaka samawati mbele ya shule nyingi, hata za mbali, na huko watoto wadogo kama mdogo wangu wataambiwa waiamini rangi, na huko hakuna bibi. Na nikisema ukweli nitakuwa mtoto wa sekondari anayemwambia mkurugenzi kwamba miaka yake yote ya utafiti ni mama yake.

Jambo la mwisho sijui kama linahusika. Niliwahi kumuuliza bibi kwa nini anakaa pale na si mahali pengine penye kivuli. Akaniambia kutoka pale lango la chuo linaonekana vizuri, mjomba akitoka atamwona kama amekonda na atamuuliza kama amekula. Lakini mjomba siku hizi hutoka kwa lango la nyuma, kwa sababu aliulizwa mbele ya wanafunzi wake kama amekula, na kama lile ni shati au tambara. Bibi anadhani ana kazi nyingi hatoki mapema. Sijamwambia.

Nifanye nini?

Mimi,
Mpwa Asiyelala

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Pole. Sasa tega sikio, maana nina mengi ya kukugombeza na siku ni chache.

Umeniandikia mimi, nisiyewahi hata kumwona mjomba wako, ilhali yeye mwenyewe yuko hapo ng'ambo ya barabara. Unasema ulijaribu kumweleza. Hukujaribu. Ulimletea habari za mayai mezani, mbele ya dada yake na mbele ya mama yake, hatua chache kutoka kwenye ule mstari wa sinki. Mwanamume gani angekubali kushindwa hapo, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni? Mtu kama huyo huendewa akiwa peke yake.

Hilo la miwani liache leo hii. Bibi anayemtambua fundi viatu kwa mgongo, kutoka kando ya barabara kubwa, macho yake yanatushinda wewe na mimi. Usimdanganye mzee kwa niaba ya mtu mwingine, hata mtu huyo akiwa mkurugenzi, hata akikuahidi likizo. Ulipokubali ulikosea, na ulijua, ndiyo maana hulali.

Umeogopa sana kuhusu ruzuku, nami naelewa, kuna watu watakosa kazi. Lakini serikali haikumpa mjomba wako fedha ili athibitishe kwamba samawati ni rangi nzuri. Ilimpa ajue watu wavuke vipi wakiwa hai. Sasa jibu limekaa mlangoni kwake, juu ya kigoda, linafuma kofia. Akiwaambia wakaguzi kwamba amegundua mstari bila mtu wa kuusimamia haumvushi mtu, hilo nalo ni la kupeleka wizarani, na shule za mbali zitapata mtu wa kusimama badala ya ndoo ya rangi. Huenda wakampa fedha, huenda wasimpe. Hilo si lako kulibeba. Lakini wakimpa kwa ajili ya rangi, halafu mtoto wa mtu huko mbali aiamini, hilo mtalibeba wote wawili, na wewe zaidi, kwa sababu unajua.

Basi fanya hivi. Leo jioni nenda kwenye lango la nyuma, si unajua hutokea huko. Mwamkie vizuri. Mwambie ile ahadi ya miwani unamrudishia. Kisha muombe jambo moja tu, akuonyeshe video ya fundi viatu kabla haijakatwa. Ukishasema hivyo nyamaza. Umelelewa vizuri, kwa hiyo utatamani kuongeza maelezo na kuomba radhi. Usiongeze hata neno. Mjomba wako ni mtafiti, na mtafiti akisikia maelezo ya mtoto hukasirika, ila akiombwa kutazama kitu hukitazama, hata kama hataki. Aone ule mwavuli. Aone fundi viatu anageuka kuelekea wapi, na kofia anamvulia nani.

Akiona akakubali, muda upo. Siku moja kabla ya Alhamisi bibi akae nyumbani, akijua kwa nini, na watu watazamwe, bila mayai. Siku hiyo mdogo wako umshike mkono mwenyewe. Akikataa kutazama, basi umeshafanya la kwako kwake. Mwendee bibi, mweleze yote, habari ya miwani na habari ya wakaguzi, halafu aamue mwenyewe Alhamisi atakaa wapi. Nina hakika atakaa wapi.

Kuhusu nafasi yako ya likizo, usiitolee machozi bado. Wenzako wataomba nafasi hiyo kwa barua nzuri. Wewe utakuwa umemuuliza mkurugenzi swali ambalo kituo kizima, na kompyuta zake zote, hakikuthubutu kuliuliza. Kama hilo halimtoshi, tafuta kituo kingine, vipo.

Umeniomba nifiche jina, nimelificha. Ila mwavuli mwekundu, samawati ya mshazari na mstari wa jikoni vimenishinda kuvificha, maana bila hivyo barua yako ingebaki salamu tupu. Kwa hiyo wewe unayesoma hapa ukiwa bado umevaa viatu, mama, nimekuona. Usimkanyage mtoto mguu tena. Na gazeti hili usimpelekee kaka yako mpaka binti arudi kutoka lango la nyuma.

Lile ulilosema hujui kama linahusika, mwanangu, ndilo nililolisoma mara mbili. Usimwambie bibi yako kuhusu lango. Mwambie mjomba. Alhamisi wakaguzi wakishaondoka, wawe wamesema ndiyo au hapana, yeye atoke kwa lango la mbele, aende mpaka kwenye samawati yake, avuke hapo kama watu wengine, na asimame mbele ya kile kigoda mpaka aulizwe kama amekula.

Na ajibu ukweli. Nina wasiwasi kwamba hajala.