Mkono wa Kulia wa Okoth

Yamumbi, Eldoret

Mama yangu,

Nakusalimu kwanza, hata kama hutaki salamu zangu. Magoti yanaendeleaje? Na pale ulipoungua, pamekauka? Tangu Desemba hushiki simu yangu, kwa hivyo nimempa barua hii jirani anayekuja huko kumzika shangazi yake. Dada yangu Atieno, wewe ndiye utakayemsomea Mama. Soma yote, usiruke hata yale ya kuniaibisha.

Sisi tuko hai. Mvua imeanza, mahindi ya watu yamechipuka mpaka nyuma ya karakana, na kazi ya vitanda na milango haijapungua. Lakini naandika juu ya Okoth, mtoto wako wa mwisho, uliyesema asikanyage boma lako kwa sababu alikupiga.

Kwa simu tulikuambia tu kwamba alikatwa. Ilikuwa hivi. Alikuwa anapakia magunia ya mahindi kwenye kijiji cha Ziwa, siku ya soko. Makundi mawili ya wapakiaji yaligombania lori moja, saa tano mchana, watu wakitazama. Mwanaume mmoja akachomoa panga. Okoth aliinua mkono wa kulia kukinga kichwa, na panga likampasua kutoka kifundo mpaka karibu na kiwiko. Nilipofika damu ilikuwa imelowesha magunia mawili, na mwenye lori alikuwa akilalamikia mahindi yake. Nilimpiga ngumi ya mdomo. Unanijua.

Kidonda kilishonwa, kikafunga vizuri. Shida ilianza baada ya kufunga. Shati likimgusa anaruka. Upepo wa mlangoni, matone ya maji, vyote vilikuwa moto kwake. Nikafikiri ni woga. Kwetu kiungo kikiuma kinakandwa; wewe mwenyewe ulinikanda mguu nikiwa mdogo mpaka nikalia, na nikapona. Basi nikachemsha maji na chumvi asubuhi na jioni, nikamwekea goti kifuani, nikakanda. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja kugonga mlango, nikawaambia ni dawa. Yeye nilimwambia awe mwanaume. Siku moja aliniuma bega mpaka meno yakaacha alama. Nilimzaba kofi, nikaendelea kukanda.

Ndivyo tulivyoishi mpaka ulipokuja Desemba. Mama, salamu yako tunaijua. Unashika mkono kwa mikono yako miwili, unautikisa mpaka umwulizie kila mtu na umalize kuomba. Asubuhi ile Okoth aliniambia angekupa mkono wa kushoto. Nilikataa. Nilimwambia mama hasalimiwi kwa kushoto, atoe wa kulia kama mtoto aliyelelewa. Akautoa. Ulipouminya, niliona uso wake ukibadilika kabla hajarusha ngumi. Ilikupata shavuni, ukaangukia jiko lenye makaa, chai ikamwagika, na ngozi ya mkono wako ikashikamana na chuma. Ile harufu bado naisikia. Ulisema huna mtoto anayeitwa Okoth, ukaondoka siku hiyo hiyo.

Yanayofuata huyajui. Ulipoondoka nilichukua kipande cha mbao nikampiga. Nilimpiga mgongo, nikampiga miguu, halafu nikaupiga mkono ule ule, makusudi, ili aonje alichokuonjesha. Hakujitetea hata kidogo. Alijikojolea, Mama, mwanaume mzima. Nami nilijiona nimetenda haki.

Siku ya tatu, karakana ikiwa imejaa watu, aliwasha msumeno wa umeme akaulaza mkono mezani. Nilimrukia ubavuni, tukaanguka wote kwenye unga wa mbao, na msumeno ukaondoka na ncha ya kidole changu kidogo. Alikuwa ananing'ang'ania shati akilia.

"Ouma, niache niukate. Huu si wangu tena. Niache."

Nilimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu hapa mjini, mama mmoja mwenyeji wa huku. Aliugusa mkono kwa pamba tu, Okoth akatapika. Alituelezea kwamba mahali palipokatwa, mwili hutoa kitu cha kukuza mishipa ya fahamu, ili miisho yake iliyoumia iishi na kuchipua tena. Ni kitu kizuri, lakini hicho hicho huifanya mishipa iwe mikali mno, mpaka mguso mdogo unafika kichwani kama panga. Akasema ni kama mbwa wa boma lililovamiwa. Mnamlisha zaidi apate nguvu za kulinda, naye anabwekea hata wenyeji. Wezi wakikoma kuja, huenda atatulia polepole. Kisha akauliza ni nani amekuwa akiukanda.

"Ni mimi," nikasema.

Aliweka kalamu chini. "Basi mwizi alikuwa anarudi kila siku, asubuhi na jioni. Ukikanda hivyo, mwili unaona ni kama umekatwa tena, unaongeza kile kitu. Wewe umekuwa ukimkata huyu kijana, ni vile tu hukujua."

Nilitoka nje nikapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikachubuka, mlinzi akaja kunishika. Nilitamani anipige. Nilitafuta wa kulaumu, yule wa panga, mwenye lori, hata wewe na salamu yako. Mwishowe nilibaki mimi.

Sasa anameza vidonge, na anajizoeza kuguswa kidogo kidogo, kwanza kwa unyoya wa kuku, halafu kwa kitambaa. Hakuna anayemshika kwa nguvu. Daktari hakutuahidi mengi. Wiki iliyopita Okoth alivaa shati la mikono mirefu kuanzia chai mpaka chakula cha mchana, tukafurahi kama watu waliopata mtoto.

Jumamosi atakuja kwako kukuomba msamaha. Anakuja peke yake, kwa maana mimi sistahili kutangulia kusamehewa. Ukimfukuza, anajua msumeno uko wapi. Sisemi hivyo kukutisha, Mama. Nasema kwa sababu naogopa.

Nisalimie nyanya, umwambie bado natumia blanketi lake. Wasalimie akina mama wa kanisa mnaoomba nao, na uwaombe wasimkimbilie Okoth kumshika mkono. Nisalimie pia mjomba anayesema Okoth amerogwa. Mwambie mchawi nimempata, yuko Yamumbi, anapigilia vitanda misumari.

Okoth atasimama langoni, mkono wa kulia ameuficha ndani ya koti. Atakupa wa kushoto. Safari hii ni mimi niliyemwambia afanye hivyo. Upokee, Mama.

Mwanao mkubwa,
Ouma