Tairi Gani, Mwanangu?

Yokote, 18 Oktoba

Mwanangu Kohei,

Hujambo huko Miyazaki? Mkeo Misato hajambo, na kile kikohozi chake kimeisha? Mimi sijambo, goti tu ndilo linalojifanya zee kuliko mwenyewe. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa una haraka, nami nikiharakishwa nasahau nilichotaka kusema.

Jambo lenyewe ni matairi. Tangu tuoane, kazi hiyo ilikuwa ya marehemu baba yako: kila Novemba anafungua ya kiangazi, anafunga ya theluji, mimi namletea chai. Mwaka huu nimeyatoa stoo mwenyewe nikampelekea Konno wa duka la matairi. Akayabonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Mama, haya yamekakamaa, yatupe tu." Basi natakiwa kununua mapya, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuniuma. Konno anasema siku hizi kuna matairi ya misimu yote, unafunga mara moja umemaliza. Jirani yetu mzee Shibata akadakia, "Hayo ni ya watu wa Tokyo. Kwenye barafu utacheza ngoma na gari lako." Konno akasema inategemea, kisha akanigeukia. "Mama, majira haya ya baridi utakuwa hapa hapa, au utakwenda kukaa kwenye joto? Kama unabaki, chukua ya theluji. Kama unaondoka, ya misimu yote yatakutosha huku na huko."

Nikasimama pale kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Nikamwambia nitamuuliza mwanangu. Nyumba ni kubwa, na safari hii ni mimi peke yangu. Konno anataka jibu kabla theluji ya kwanza haijaanguka, maana ikianguka tu mji mzima utapanga foleni kwake.

Wewe unaonaje, nifunge yapi?

Mama yako

Miyazaki, 24 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, Misato amepona na anakusalimu sana. Huku bado tunavaa mikono mifupi. Tafadhali usipande kwenye paa kuondoa theluji, mlipe mtu.

Kuhusu matairi, nimesoma mpaka macho yameuma. Haya ya misimu yote yana alama ya theluji ubavuni, maana yake yamejaribiwa. Hutahitaji jeki, hutabeba kitu, hutajaza stoo. Mgongo wako utapumzika. Chukua ya misimu yote, Mama, wala usiwaze sana.

Mwanao

Yokote, 2 Novemba

Mwanangu mpenzi,

Hamjambo wote wawili? Mimi leo ni mzima kabisa, hata goti nimelisahau. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaiweka mbele ya picha ya baba yako naye aisome.

Basi ni ya misimu yote. Sikutegemea kwamba utasema hivyo, tena upesi namna hiyo. Nilikuwa naona haya kuwa wa kwanza kulitamka. Mwaka huu sitachachusha figili za kula wakati wa baridi. Pipa nimempa Shibata, anashangaa, nikamwambia atajua mbele ya safari. Nimeanza kupunguza vyombo kabatini. Hebu niambie, huko kwenu mnaanika magodoro juani hata Desemba? Na Misato anapenda supu ya miso iliyokolea au nyepesi? Mkono wangu ni mzito kwenye rojo hilo la soya, lakini nitajifunza.

Konno nitamwambia Jumatatu, haraka ya nini tena.

Mama yako

Miyazaki, 9 Novemba

Mama,

Shikamoo. U mzima kweli? Barua yako imenichanganya. Umemgawia Shibata pipa la bibi kwa nini? Kama mikono inauma, niambie twende kwa daktari.

Sasa sikiliza, Mama, kama hujanunua, usinunue ya misimu yote. Nilikosea. Kazini tuna mtu anaitwa Oikawa, mzaliwa wa Hokkaido, kwenye theluji tele. Nilipomsimulia alinitazama kama nimetaka kukuua. Anasema kwenye theluji laini sawa, lakini kwenye barafu yanateleza tu, breki zishike zisishike. Nikaukumbuka mteremko wa hekaluni kwetu, na mimi ndiye niliyekwambia usiwaze sana. Sijalala vizuri tangu hapo. Chukua ya theluji, tena mazuri kuliko yote, wiki hii hii. Ukiwa nayo utakaa huko majira yote ya baridi bila shida, nami nitatulia.

Ndiyo, magodoro tunaanika. Kwa nini?

Mwanao

Yokote, 16 Novemba

Kohei,

Nimeelewa. Konno amefunga ya theluji. Nitakaa huku, usiwe na wasiwasi. Theluji imeanza leo.

Fusae

Miyazaki, 28 Novemba

Mama yangu,

Shikamoo. Uko salama? Nikipiga simu hupokei. Nimempigia Shibata, akasema uko mzima, unaendesha gari kila siku, ila ukitajiwa mimi unaanza kuuliza hali ya hewa. Na barua umetia sahihi ya jina lako, kana kwamba unaiandikia benki.

Nilizunguka na barua hiyo mfukoni nisielewe nimekosa nini. Mwisho Misato akazichukua zote, akakaa sakafuni jikoni, akazisoma moja baada ya nyingine. Akaniambia, "Wewe una akili za wapi? Mama anakuuliza kama aje kwetu, wewe unamjibu habari za matairi."

Mama, sikujua. Naapa nilidhani ni matairi. Chumba cha pembeni tulikitoa vitu tangu Agosti, baada ya sikukuu ya wafu. Hatukusema kwa sababu tuliogopa utaona tunakung'oa nyumbani kwako. Tukasema tungoje aanze mwenyewe. Kumbe nawe unatungoja sisi. Niliposema ukae huko, niliogopa barafu, si kwamba nakukimbia. Sasa naandika wazi: nataka uje. Sema siku, nitapanda ndege nije kukuchukua.

Nisamehe.

Mwanao

Yokote, 9 Desemba

Mwanangu Kohei,

Hujambo? Misato hajambo? Mimi sijambo, na theluji imefika madirishani.

Nilikukasirikia sana. Hata picha ya baba yako niliinunia, kana kwamba ndiye aliyeandika. Siku Konno alipomaliza kufunga nililia ndani ya gari, nikaushuka mteremko wa hekaluni huku nalia, na gari halikuteleza hata kidogo. Kesho yake nikaushuka tena, safari hii bila kulia. Siku hizi nampeleka mke wa Shibata kwenye bafu la umma la maji moto. Anashika mkanda kwa mikono miwili njia nzima, lakini haachi kupanda.

Sasa mwenyewe sijielewi. Nilipodhani hunitaki, nilitamani kuja mpaka mkoba ukakaa tayari mlangoni. Barua yako imefika, nimejua unanitaka, na ile hamu ya kuondoka siioni tena. Nimeitafuta siku tatu. Nadhani nilichotaka ni kuitwa tu, na sasa nimeitwa. Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu baba yako aondoke.

Kwa hiyo usipande ndege. Majira haya nabaki. Ila mwambie Misato chumba asikijaze masanduku. Theluji ikiyeyuka nitakuja kukilalia, nione jua linaingia upande gani.

Mama yako