Mkono wa Salha Mgongoni Mwangu

Jumanne, 1 Julai

Nimekimbia tena leo. Michenzani mpaka Maisara na kurudi. Mbio kidogo, mwendo kidogo, mbio kidogo. Mapaja yanawaka moto. Ngazi za nyumbani nimezipanda nimeshika ukuta kama kizee. Mama kanicheka, kisha kanipa chai.

Presha imeshuka. Daktari kasema niendelee hivi hivi, taratibu. Baba ilimuua presha akiwa na umri huu wangu. Kwa hiyo nnakimbia, watu wa mtaani wacheke wasicheke.

Salha kaniona nnavyotembea. Kasema nimekakamaa kama ubao wa jahazi, nende darasani kwake Jumapili anilainishe. Mdogo wangu huyu siku hizi ni mwalimu wa yoga. Kajifunza hotelini Paje, wiki chache tu, kwa Mzungu aliyekuwa akifundisha wageni. Sasa ana wanawake wake mjini, ukumbini, mapazia yamefungwa, wanaume hawaingii. Nimemwambia ntakuja. Namuonea fahari, hilo siwezi kulikataa.

Jumapili, 6 Julai

Siwezi kukaa. Naandika nimelala kifudifudi.

Tumeingia ukumbini, tumevua mabaibui na mitandio, tumekaa moja kwa moja kwenye mikeka. Hata kutembea kidogo ili damu ipate moto, hakuna. Miguu mbele, inama, shika vidole. Mie mikono yangu imeishia chini ya magoti. Salha kaja nyuma yangu, kaweka mkono mgongoni.

Nikamwambia, "Salha, basi. Inauma."

"Ndiyo inavyofunguka, Dada. Vuta pumzi."

Akalala juu yangu kwa uzito wake wote.

Kitu kimekatika nyuma ya paja la kulia, juu kabisa, pale pa kukalia. Nimeusikia mlio. Nimepiga ukelele, na wanawake wakacheka, walidhani mzaha. Na Salha kacheka.

Jumatatu, 7 Julai

Paja limevilia damu, jeusi mpaka gotini. Nimejaribu cherehani. Kukaa siwezi, kukanyaga siwezi. Magauni ya harusi yametundikwa ukutani, hayana mikono. Maharusi hawangoji paja la mtu.

Salha hajapiga simu.

Jumatano, 9 Julai

Hospitali. Msuli umechanika. Si wote, alhamdulillahi, lakini umechanika. Mtaalamu wa viungo ni mwanamke mpole, mikono baridi. Kauliza nilikuwa nikifanya nini. Nimemweleza. Kauliza nani kanisukuma. Nikasema, mdogo wangu.

Kanifahamisha vizuri. Msuli wa baridi hauvutwi. Kwanza utembee, upige hatua za kasi, uzungushe nyonga, ubembeze miguu. Kule kujinyoosha kwa kutulia ni baada ya mbio, mwili ukiwa na moto. Ukisikia kuvutika, hapo hapo tulia. Ukisikia kuuma, umeshapita. Na asikusukume mtu yeyote.

Kumbe ni maneno mepesi hivi. Nimelia kwenye teksi kwa hasira, si kwa maumivu.

Ijumaa, 11 Julai

Salha kaja baada ya sala na mkate wa kumimina. Kakaa na Mama sebuleni. Mlango ulikuwa wazi, nimesikia. Kamwambia Mama nilikwenda darasani nshaumia tangu kwenye mbio zangu, nikamficha.

Muongo.

Baba alipokufa mie niliacha skuli, nikashika cherehani. Salha nimemlea mie. Nilishona huku nimembeba mgongoni, akilala, akinikojolea. Mgongo ule ule ndio alioulalia Jumapili. Shukurani ya punda mateke.

Mkate sikuugusa.

Jumamosi, 19 Julai

Mteja kaja kuchukua gauni. Kaniangalia kwa huruma ya ajabu, kisha kanionesha simu. Video. Ukumbi wa Salha. Mwanamke kainama, nywele wazi, suruali, anapiga ukelele; watu wanacheka. Maandishi chini: mwanzo mgumu, usikate tamaa.

Kumbe simu yake ilikuwa ikirekodi. Ndani ya mapazia yale tuliyoambiwa hapana mtu atakayetuona.

Nimempigia. "Ifute."

"Sura yako haionekani, Dada."

"Sauti yangu mji mzima unaijua. Ifute, Salha!"

Kaifuta usiku. Imeshazunguka. Mama kasema yaishe, ndugu ni ndugu. Nikamuuliza, yaishe vipi na hayajasemwa? Kaniambia nina moyo mgumu. Huenda ninao. Leo nimemchukia mtoto niliyemlea, na sioni haya kuandika.

Alhamisi, 24 Julai

Nimekutana ngazini na Bi Mwatima, jirani wa ghorofa ya chini. Makamo ya Mama. Sukari imempa hofu, kaanza kutembea asubuhi, anataka na kukimbia kidogo. Kaniambia kwa furaha kwamba Jumapili Salha atamnyoosha.

Nimemwambia asende. Kacheka. "We umegombana na mdogo wako, mwanangu. Mie simo."

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda. Nimechechemea mpaka ukumbini, nimesimama mlangoni. Bi Mwatima yuko chini, miguu mbele, anahema. Salha kaja nyuma yake. Ule ule mkono.

Nikasema kwa sauti, "Muondolee mkono."

Wote wamegeuka. Salha kasema, "Dada, tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani umezungumza na Mama, ukasema uongo. Hapa ndipo uliponichana msuli nikikwambia inauma. Waambie. Na waambie kama simu yako leo imezimwa."

Mmoja kaitazama ile simu dirishani. Imesimamishwa, jicho linatuangalia. Kaanza kuvaa baibui. Wengine wakamfuata. Bi Mwatima hakuweza kuinuka peke yake, tumemnyanyua watu wawili.

Salha kakunja mikeka, mmoja mmoja, machozi yanamtoka. Nikamuona mtoto wa miaka sita. Nikataka kumshika. Sikumshika.

Jumatano, 30 Julai

Salha kahama. Kapata kazi hotelini Kizimkazi, kaondoka bila kuniaga. Mama hasemi na mie. Ananiwekea chakula, anaondoka.

Kila mtu ananiambia nimefanya haki. Haki haina ladha yoyote.

Alhamisi, 28 Agosti

Leo mtaalamu kaniruhusu mbio za polepole.

Nimetoka baada ya alfajiri. Bi Mwatima alikuwa akinisubiri chini, tumezoea sasa. Tumetembea mpaka miili imepata moto. Tumezungusha nyonga, tumebembeza miguu, tumeshikilia mnazi tusianguke. Kisha yeye kaendelea kutembea, mie nimekimbia kipande kidogo. Kikatosha. Mwisho nikalala chali kwenye majani, nikainua mguu kwa kanga niliyoipitisha chini ya wayo, nikauvuta hadi pale ulipokataa. Nikaacha hapo. Wa kushoto unakwenda mbali zaidi. Huenda itakuwa hivyo daima.

Nimerudi, nimeshona mkono mmoja wa gauni, nimesimama, nimeshona wa pili.

Magharibi simu ya Mama imelia. Nilikuwa chumbani. Nimesikia anacheka, anauliza kuhusu chakula cha hotelini, kuhusu baridi ya usiku kule kusini. Kisha kasema, "Dada yako yupo hapa, ngoja nimpe."

Nimetoka. Nimenyoosha mkono.

Mama kaitazama simu, imeshakatwa, kaiweka mezani.

"Mtandao mbaya," kasema.

Nikasema ndiyo, kule kusini mtandao mbaya.